Jirani na Injini Isiyotulia

Jirani hakujua kuendesha pikipiki. Naanza na hilo kwa makusudi, maana ndilo jambo la pekee nililomzidi, na kila nikimkumbuka hulitanguliza ili nipate nguvu ya kuyasema yaliyobaki. Alikuwa fundi wa pikipiki anayejulikana kuanzia Bofu hadi kivukoni, watu wakivuka feri na pikipiki zao kutoka Changamwe wamletee yeye, na jioni akifunga kazi alirudi nyumbani kwa miguu, mfuko wa spana begani, amejibana kando kabisa ya barabara kila boda ilipopita. Aliziogopa, wala hakuficha. "Mimi na hizi tumejuana zikiwa zimesimama," alikuwa akisema.

Kibanda chake na changu vilitazamana, barabara ya vumbi ikiwa katikati. Mimi pia ni fundi wa pikipiki, na mimi ndiye niliyetangulia pale. Yeye alikuja baadaye na benchi, karai na mfuko wake, akatandika gunia chini ya mabati, akaomba radhi kwamba amekuja kunisogelea. Nikamwambia karibu, riziki ni ya Mungu. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Tangu siku hiyo mimi nikamwita jirani, naye akaniita jirani, na jina jingine hatukupeana.

Nilimwonea wivu. Sisemi wivu wa kutaniana, wa kuulizana mbona wewe leo una wateja na mimi sina. Huu ulikuwa wivu wa kunifanya nigeuze kiti niipe mgongo barabara, halafu nikae nikisikiliza kwa mgongo. Nilijua nani kaja kwake na kwa tatizo gani, na nilijua ameondoka vipi. Kwa miaka yote ile nilitaka jambo moja tu: akosee. Akosee mara moja, mbele ya watu, nami niwepo.

Ugonjwa uliompa jina ni ule wa injini kukataa kutulia. Pikipiki hizi za zamani zenye kabureta ya kuchanganya mafuta na hewa, ukiuachia mkono wa mafuta injini inatakiwa ishuke, ingurume polepole ikikungoja. Ikipata ugonjwa huu haishuki. Umesimama, hutii mafuta, nayo inavuma pale pale kana kwamba unapanda mlima. Inakula petroli bure, inachemka, inamwaibisha mwenyewe mbele ya abiria. Na kwetu Likoni ina ubaya wa ziada, kwa sababu ya ule mteremko wa kushukia feri. Pikipiki inayojisukuma yenyewe, mbele yake wamama na watoto na mikokoteni, si jambo la kuchezea.

Sisi mafundi wengine tulikuwa na dawa moja. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha mngurumo. Unaishika, unaizungusha kidogo, injini inashuka, mteja anakushukuru anaondoka. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, inazimika mdomoni mwa feri, magari nyuma yanapiga honi, askari anamfokea, na yule mteja anaapa kwamba kwako harudi tena. Hapo ndipo alipokuwa akivuka barabara kwenda kwa Jirani.

Jirani skrubu ile aliiacha mwisho. Wakati mwingine hakuigusa kabisa. Kwanza alikaa kwenye kigoda akaisikiliza injini, kichwa ameinamisha upande, macho yakiwa kwengine, kwa muuza madafu au kwa kuku wanaopekua jaani. Kisha akauliza: "Yaanza kuvuma ikiwa baridi, au ikishapata moto?" Kisha akamwambia mwenyewe azungushe usukani kulia mpaka mwisho, halafu kushoto mpaka mwisho, taratibu. Ikiwa sauti inapanda usukani ukikunjwa, basi waya wa mafuta umebanwa mahali. Ikiwa haipandi, alitazama choki, ile ya kuwashia injini ikiwa baridi, kama imekwama. Na ikiwa choki ni nzima, alitoa mfukoni mwa shati unyoya wa kuku, akauchovya kwenye povu la sabuni ndani ya karai, akapaka pole pole kuizunguka ile raba inayoiunganisha kabureta na injini. Povu likiziba mahali penye ufa, mngurumo hushuka mara moja, halafu unapanda tena. Hapo alitabasamu. "Yavuta pumzi pasipo pake," alisema, na mtu mzima na pikipiki yake wakajiona kama wametoka kwa daktari.

Ule unyoya ulinikera kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Spana alikuazima, bisibisi alikuazima, hata karai, lakini unyoya hapana. Niliwahi kumwomba, kwa mzaha wa nusu.

"La, jirani," akasema. "Unyoya ni mswaki. Kila mtu na wake."

Basi nikarudi nyumbani nikamkamata jogoo wa mke wangu. Mke wangu alitoka jikoni akanikuta nimemwinamisha ndege chini, namchagulia mkiani.

"Baba watoto, jogoo wangu kakukosea nini?"

"Nataka unyoya."

"Wa nini?"

Nikachomoa mmoja. Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta, kwani alikuwa ameshamwona Jirani na unyoya wake mara nyingi alipopita kwenda sokoni. Kesho yake nilipaka povu kwenye pikipiki ya mteja, nikasikiliza, nikapaka tena. Sikusikia kitu. Injini ilikuwa inavuma vile vile, nami nimeshika unyoya wa jogoo mbele ya watu wazima.

Mke wangu naye alikuwa na mchango wake katika wivu huu. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akimpelekea Jirani futari, na bakuli lake nililipima kwa macho nikaliona kubwa kuliko langu. Nilipouliza, akaniambia yule ni mjane, hana wa kumpikia, wewe unaye, na wala usinitazame hivyo ukiwa umefunga. Hayo yote yalikuwa kweli. Viazi vya rojo vilikuwa vingi zaidi kwake, na hilo pia lilikuwa kweli.

Siku nyingine alikuja kijana mmoja wa boda, mtu wa bara, mwenye haraka zake. Aliiegesha pikipiki mbele ya kibanda cha Jirani bila kuizima, inalia vuuu.

"Mzee, hii kitu inajiraise yenyewe. Nichekie haraka, niko na mtu stage."

Jirani alikuwa anakula viazi karai. Akakichovya kiazi kwenye ukwaju, akakitafuna mpaka kikaisha, akafuta midomo.

"Waaleikum salaam," akajibu, ingawa hakuna aliyemsalimu.

Yule kijana akacheka kwa aibu. "Ah, pole mzee. Salamu aleikum."

"Sasa waja. Kaa hapo. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, mzee."

"Haya. Kunja usukani kulia."

Kijana akaukunja na sauti ikapanda. Jirani akainuka, akatazama kile kishikio cha simu ambacho vijana wa boda hukifunga kwenye usukani ili waone ramani. Kijana alikuwa amekikaza kwa kipande cha mpira wa tyubu, na ule mpira ulikuwa umeubana waya wa mafuta humo humo. Jirani akaukata kwa wembe. Injini ikashuka, ikatulia, ikabaki ikisema taratibu.

"Simu yako ndiyo iliyokuwa ikitia mafuta," akamwambia.

Watu waliokuwa pale walicheka, na yule kijana akacheka zaidi yao. Mimi sikucheka, kwa sababu pikipiki ile ile ilikuwa kwangu juzi yake, nami nikazungusha skrubu.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno yake, ila aliyafunika kwa adabu, na majivuno ya namna hiyo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu huna pa kuyashika. Ukimweleza kazi ngumu uliyoifanya wewe ukaifaulu, alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Umebahatisha vyema." Kubahatisha! Aliniambia hivyo zaidi ya mara moja. Yeye mwenyewe hakubahatisha kamwe, alijua tu. Na alipenda kuambiwa. Mteja akiondoka bila kutamka kwamba pikipiki imepona, Jirani alimwita kutoka mbali, "Vipi, imetulia?" naye alijua fika imetulia, kwani ameisikia yeye mwenyewe. Hakutaka zaidi ya kulisikia lile neno. Wateja wote walimpa. Mimi sikumpa hata mara moja, na nadhani aliliona hilo, kama nami nilivyoyaona yake.

Mikono yake ilikuwa misafi kupita kiasi. Aliisugua kwa ndimu na sabuni ya unga, na Ijumaa alipofunga mapema akapita na kanzu nyeupe, usingejua kama mtu huyu asubuhi alikuwa ndani ya grisi. Mimi yangu haijatakata tangu nijue spana. Nilijiliwaza kwamba mkono mweusi ndio wa kazi, na kwamba mkono wangu una nguvu. Nati nikiifunga mimi haifunguki ovyo. Hivyo ndivyo marehemu baba alivyonifundisha: kaza, halafu kaza tena. Jirani akinisikia nikigugumia na spana, alikuwa akinipigia kelele kutoka upande wake.

"Jirani! Hiyo nati ina roho!"

Watu walicheka. Nami nilizidi kukaza.

Marehemu baba ndiye aliyeniachia pikipiki yake, nyekundu, ya zamani, iliyoundwa kabla ya hizi zilizojaa mitaani leo. Ndiyo niliyojifunzia kazi, na sauti yake nilikua nayo. Utotoni nilijua baba amefika kwa ule mngurumo wake mlangoni, wa chini, usio na haraka. Pikipiki hiyo ndiyo iliyokuja kupatwa na ugonjwa wa kutotulia, kwangu mimi, fundi.

Niliifanya yote. Nilibadilisha plagi. Niliifungua kabureta nikaisafisha vitundu vyake vyote kwa petroli na upepo wa pampu. Nilinunua raba mpya, nikanunua waya mpya. Nilitazama video kwenye simu, mafundi wa nchi nisizozijua wakiongea lugha nisizozijua, nikifuata mikono yao. Na kila nilipomaliza, nilirudisha kabureta mahali pake nikaikaza kwa mkono wangu wote, nikapiga kiki, na ikavuma. Nikiishusha kwa skrubu inanizimikia kwenye feri kama za wateja wangu, nikiiacha inanguruma mtaa mzima usikie.

Na mtaa mzima maana yake Jirani. Fundi akiwa na pikipiki inayougua watu watasema nini? Basi kila asubuhi, kabla sijafika kwenye kona ya vibanda vyetu, nilikuwa nikiizima. Nashuka, naisukuma kwa mikono, napita mbele yake natoka jasho.

"Sabalkheri, jirani. Mafuta yameisha?"

"Yameisha, jirani."

"Mungu atajaalia."

Kesho yake tena. "Mafuta yameisha?" "Yameisha." Hakucheka hata siku moja. Hakusema hebu tuitazame. Alijua, naapa alijua, kwa sababu sauti ya pikipiki inavuka nyumba nyingi na yeye sikio lake lilikuwa lile. Alikuwa akinisubiri nivuke barabara kwa miguu yangu mwenyewe. Nami nilisema moyoni kwamba nitaisukuma mpaka siku ya kiyama.

Kisha masikio yake yakaanza kuziba. Mimi nilikuwa wa kwanza kuliona, kwa sababu hakuna mtu aliyemtazama kuliko mimi. Alianza kuinamisha kichwa zaidi, kisha kugeuza sikio la pili. Alianza kuuliza "Eti?" Akaanza kuweka kiganja juu ya tangi wakati injini inawaka, na mteja akidhani ni mapenzi tu. Nikaona kwamba anaisaka sauti kwa mkono, na wallahi nilifurahi. Nililala vizuri siku hiyo. Nilijiambia kosa lake sasa liko njiani.

Lakini hakulingoja. Siku moja alikunja gunia lake, akavuka barabara kuja kwangu, akaniaga. Bintiye anamchukua akakae naye Mishomoroni. Alinipa karai. Unyoya aliutia mfukoni.

Wateja wakarudi upande wangu wote, na wakaja naye mdomoni. "Jirani angeanza na usukani." "Jirani alikuwa hakazi hivyo." Mtu hayupo, kibanda kimegeuzwa cha kuuza mkaa, na bado nafanya kazi mbele yake. Nikaona kwamba sijashinda kitu. Kosa lake sitaliona pale tena, labda nimfuate.

Basi nikamfuata. Mke wangu nilimwambia nakwenda kumjulia hali mzee, akanifungia mahamri nimpelekee, mengi kama kawaida. Niliwasha pikipiki ya baba, nikaizima kwenye feri, nikaiwasha tena upande wa mjini, nikapita daraja la Nyali ikivuma mpaka watu wa magari wananigeukia. Nilikuwa na haja mbili. Nilitaka pikipiki yangu ipone. Na nilitaka, mtu huyu asiyesikia sasa, nimwone akiinama juu yake akishindwa. Haja zote mbili zilikuwa za kweli na sikujua ipi nzito.

Nilimkuta barazani, amevaa kikoi na fulana, mikono misafi. Bintiye akaniambia nimsemeshe nikiwa nimemkabili, anasoma midomo. Sikupata nafasi ya kusema chochote. Aliitazama pikipiki ikitetemeka juu ya stendi yake, akanitazama mimi.

"Leo mafuta hayakuisha," akasema.

Nikampa mahamri.

Hakuuliza yaanza lini wala ikiwa baridi au moto, nadhani kwa kuwa majibu alikuwa nayo tangu Bofu. Alikunja usukani kulia na kushoto, kiganja kimoja juu ya tangi. Akatazama choki. Akaomba povu. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa fulana yake akautoa unyoya, ule ule au mwingine, na mimi nikasogea karibu kumtazama usoni.

Alipaka raba mpya. Hakuna. Akapaka chini yake, pale uso wa kabureta unapokutana na injini, na nikaisikia kwa masikio yangu ikishuka kidogo, ikapanda. Yeye hakuisikia. Lakini kiganja chake kwenye tangi kilitulia, na akatabasamu lile tabasamu lake.

Tukaifungua kabureta. Alikwenda dirishani, akachomoa kipande kimoja cha vile vioo vinavyopangwa kwenye fremu, bintiye akapiga kelele kutoka ndani, "Baba, mbu!" naye hakusikia au alijifanya hasikii. Akauweka uso wa kabureta juu ya kioo, akaninyooshea niangalie. Katikati palipita mwanga. Pembe mbili zenye nati zilikuwa zimevutwa nyuma kwa kukazwa miaka na miaka, na katikati pakabinuka, hewa ikapata mlango. Hakusema ni mkono wa nani.

"Nati ina roho," akasema tu, kwa sauti ndogo.

Akatandika karatasi ya msasa juu ya kioo, akausugua ule uso juu yake kwa mzunguko, polepole, akigeuza, akifuta, akitazama mwanga, mpaka usipite tena. Tulipoirudisha akanipa spana mimi.

"Kaza wewe. Ikianza kukataa, basi, iachie."

Nikakaza. Ilipokataa mkono wangu ulitaka kuendelea, nikauzuia. Nikapiga kiki.

Ikawaka, ikavuma kidogo kwa baridi, kisha ikashuka. Ikashuka mpaka kwenye ule mngurumo wa mlangoni kwetu, wa chini, usio na haraka. Nilikuwa sijausikia hivyo tangu baba afe. Nilisimama pale na mahamri yakiwa bado kwenye meza.

Jirani akaondoa kiganja kwenye tangi. Akakirudisha mapajani pake, mbali na pikipiki, akaniangalia midomo.

"Vipi, jirani. Imetulia?"

Ilikuwa ndiyo siku yangu. Ningesema "Bado," basi. Neno moja lile, na mzee angeinama tena kutafuta kisichokuwepo, mbele ya bintiye, na mimi ningekuwa nimeliona kosa lake. Nililiweka ulimini. Nalo lilikuwa tamu.

"Imetulia," nikasema.

Akaweka mkono nyuma ya sikio. "Eti?"

"Imetulia, jirani."

"Sema, sikusikii."

Nikapaaza sauti mpaka bintiye akachungulia pale dirishani palipotolewa kioo, na jirani zake wa Mishomoroni wakageuka, "Imetulia, fundi!"

Akatikisa kichwa kwa adabu, akachukua hamri. Mpaka leo sijui kama mara ya kwanza kweli hakusikia.